Mama Fundi Anataka Kuuza Motokari

Siku ya kwanza Mama Fundi aliponiongelesha, aliniambia anataka kuuza motokari. Tulikuwa kwenye lifti ya jengo letu kule South Beach, ambayo siku hiyo kwa bahati ilikuwa inafanya kazi. Aliniuliza kama mimi ndiye yule Mtanzania aliyekuwa dereva kwao. Nikamwambia ndimi, niliendesha gari la mikate Tanga kabla sijaja Durban kuuza simu na makava ya simu.

"Vizuri," akasema. "Weye utanisaidia. Mi nataka kuuza motokari."

"Liko wapi?"

"Njo niko naitafuta," akasema, yaani ndiyo analitafuta.

Nikadhani limeibwa. Nikampa pole, nikamuuliza kama ameshafika polisi. Aliniangalia kama mtu anayemtazama mgonjwa, lifti ikafika ghorofa yetu, akatoka. Ilibidi kinyozi mmoja wa Bukavu, Mkongo mwenzake, anifafanulie kesho yake kwamba kwao kuuza ni kununua. Anayetoa kitu ili apate pesa, huyo anauzisha. Kumbe yule mama hakuwa na gari lolote. Alitaka kununua lake la kwanza, lililokwisha kutumika, na alikuwa ameanza kujiandaa zamani.

Huo ulikuwa mwaka 2010. Gari alilinunua 2013. Katikati hapo nilimsindikiza kuona magari mengi kiasi kwamba mengine yamechanganyika kichwani mwangu. Yeye hajachanganyika.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana na hatua za polepole, na alikuwa na tabia ya kukutazama mshono kabla ya kukutazama uso. Ukisimama mbele yake akinyamaza, ujue kuna uzi unaning'inia mahali. Alikodi veranda ya fleti ya jirani, ukuta mmoja na chumba changu, ile iliyozibwa kwa mbao na vioo ikawa chumba, na humo ndani alikuwa na kitanda, cherehani ya umeme, na vitenge vilivyopangwa mpaka darini. Wateja walikaa kitandani. Karibu kila bibi harusi wa Kikongo niliyemwona Durban miaka ile alivaa kitu kilichotoka kwenye veranda hiyo.

Alikuwa mlokole wa kanisa moja linalosali ukumbini, huko karibu na Point, lakini mwezi wa Ramadhani hakuwahi kula wala kunywa mbele yangu. Nikiingia kwake mchana anasukuma kikombe chini ya kitanda. Nilimwambia mara nyingi kwamba hainisumbui. "Inanisumbua mimi," akajibu. Jua likizama anagonga ukuta, maana yake kuna uji.

Swali lake kubwa kuhusu magari nilidhani ni la kijinga mpaka nilipolizoea. Kabla hajauliza bei, kabla hajauliza limetembea umbali gani, alikuwa anauliza, "Kwa nini unaiuzisha?" Na hakutaka jibu fupi. Mimi nilikuwa mkalimani, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha dukani, na wakati mwingine niliona aibu kumtafsiria maswali yake. Mtu ameweka tangazo gazetini kuuza gari, unafika getini kwake Jumamosi asubuhi, na badala ya kufungua boneti unamuuliza maisha yake.

"Mama, tutafukuzwa," nilimwambia siku moja.

"Bei ni ya mwisho," akasema. "Kwanza sababu. Ukijua sababu, bei unaijua yenyewe."

Tulimwendea mzee mmoja wa Kihindi kule Overport, mwenye gari la rangi ya fedha lililofunikwa shuka ndani ya gereji. Lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona kwa bei ile. Halina mkwaruzo. Injini ilinguruma kidogo tu, kama paka. Mimi nilishaanza kuhesabu baraka. Mama Fundi akauliza swali lake, nikatafsiri, mzee akajibu kwamba lilikuwa gari la mke wake, na mke wake amefariki.

Mama Fundi akaomba akae ndani. Mzee akamfungulia mlango wa dereva, kisha yeye akazunguka akakaa upande wa pili. Wakafunga milango. Sijui walizungumza lugha gani, kwa sababu mimi niliachwa nje, lakini walikaa humo muda mrefu. Nilimwona mzee akionyesha kwa mikono jinsi sari inavyokunjwa, na Mama Fundi akimwonyesha jinsi wao wanavyofunga kitenge. Walipotoka, Mama Fundi alimshika mkono, akaniambia tuondoke.

"Gari lina nini?" nikamuuliza barabarani, nikiwa nimekasirika.

"Haina kitu. Motokari iko bien."

"Sasa?"

"Yule mzee hauzishi. Iko anatafuta mtu wa kukaa naye ndani."

Alirudi kule zaidi ya mara moja, kumshonea mapazia. Gari lilibaki chini ya shuka.

Siku nyingine tulikwenda kwenye yadi moja ya magari, yenye vibendera vya plastiki na magari yaliyopakwa mafuta mpaka matairi yanang'aa. Kijana muuzaji alikuwa na tai na manukato ya kutosha watu watatu. Alitupeleka kwenye gari jeupe, akasema lilikuwa la mwenyewe mmoja tu, mama mtu mzima, mwenda kanisani, hakwenda nalo popote ila kusali na kurudi.

Nikatafsiri. Uso wa Mama Fundi ukafunguka. "Iko anasali wapi?"

Kijana akacheka. Mama Fundi hakucheka. Akataka kujua kanisa gani, mama huyo anaitwa nani, na kama ni mwenda kanisani kweli, sasa anakwendaje? Ameokota mguu mpya? Nilitafsiri yote hayo kwa unyenyekevu niliokuwa nao. Kijana akasema eish, mama, mimi nauza magari tu, akaenda kumwita bosi. Bosi akasema habari za wateja ni siri. Mama Fundi akavuta kiti cha plastiki, akasema hana haraka, atasubiri mpaka wamkumbuke yule mama. Tulisubiri. Hawakumkumbuka. Tulipoondoka alikuwa na furaha kama mtu aliyetoka harusini.

Usifikiri alikuwa hakosei. Kule Umbilo palikuwa na bwana mmoja aliyesema anauza gari kwa sababu anahamia Australia na familia yake. Gari lilikuwa sawa, maneno yake sawa, na hata mke wake alitoka akatuletea maji. Mama Fundi akakataa. Nyumba ilikuwa imetoka kupakwa rangi, bado inanuka. "Nani anapaka nyumba rangi akiwa anaenda zake?" akaniuliza. "Ule anaongopa. Motokari iko na ugonjwa." Hakuna nililosema likamgeuza.

Wiki kadhaa baadaye akaniambia amekwenda Umbilo. Peke yake, kwa taksi mbili, yale mabasi madogo ya abiria kama daladala zetu, si kwa sababu ya gari bali kwenda kuangalia tu kama yule bwana bado yupo. Alikuta nyumba tupu na ubao wa tangazo la nyumba kuuzwa umesimama bustanini.

"Nilikosea," akasema, na akapiga paja lake kwa kicheko. "Tanzania, nilikosea! Batu wanapaka rangi juu ya kuuzisha nyumba!" Alinisimulia habari hiyo kwa raha kuliko alivyowahi kunisimulia habari za siku alizopatia. Mimi nilisikitikia gari. Yeye alikuwa amepata jibu, na hilo lilimtosha.

Tanzania ndilo jina alilonipa. Sikumbuki akiniita jina langu.

Alikuwa na walimu wengine zaidi yangu. Kwenye maegesho ya ufukweni, wale wanaolinda magari ya watu wakiwa na fulana za rangi inayong'aa, wengi wao walikuwa Wakongo wenzake. Jioni akishuka kununua uzi alipita kwao. Hakuuliza gari gani ni zuri. Aliuliza gari gani linasukumwa. Wao walijua. Lile jekundu kila baridi ikianza hugoma. Lile la yule mwalimu wa kuogelea huacha mafuta chini kila linaposimama. Alisikiliza yote, kisha anapanda lifti kuja kunihoji mimi: kwa nini gari moja linagoma kwenye baridi na jirani yake halijali? Nilikuwa dereva wa mikate, si fundi makanika. Mara nyingi nilimjibu sijui, na hilo lilimfurahisha, maana alipata sababu ya kwenda kumuuliza mtu mwingine.

Kwa walinzi hao ndiko alikojifunza kuuliza gari linalala wapi. Magari yanayolala South Beach huliwa na chumvi. Kutu inaanzia chini ya milango, pale maji yanapokaa. Basi tukifika mahali anaanza na sababu, anaendelea na malazi, halafu anainama, mama mzima na kitenge chake, anapitisha vidole chini ya mlango taratibu kama anayepapasa pindo la gauni.

Kuendesha alijifunza katika kipindi hichohicho. Kitabu cha alama za barabarani nilimsomea mimi, na maneno yaliyomshinda tuliyageuza: clutch ikabaki embrayage, breki ikabaki frein, na taa za kuongozea magari zikabaki robot kwa sababu hata wenyeji wa kule wanaziita hivyo. Alipoanza masomo ya kuendesha alikuwa na hakika kwamba mguu wake tayari unajua kazi. Umeshakanyaga cherehani maisha yote, kitu gani kipya? Mwalimu wake alilalamika kwamba huyu mama anaendesha gari kama anashona: mbele kidogo, simama, geuza, mbele kidogo. Mtihani wa kwanza gari lilirudi nyuma kwenye kilima cha Berea. Wa pili likarudi tena. Alikuja kwangu akakaa, akaniuliza kama kuna mji wowote Afrika Kusini usio na vilima. Mtihani uliofuata akapita, na leseni akaiweka ndani ya Biblia.

Sasa nije kwenye jambo lililonishinda kulielewa kwa muda mrefu kuliko yote.

Mama Fundi alikuwa msemaji. Kwenye ngazi, dukani, kwa wachuuzi wa mitaani, kwa walinzi, alikuwa na maneno ya kutosha. Lakini tukipanda taksi, anakuwa bubu. Simaanishi kwamba alipunguza sauti. Alikuwa hasemi kabisa. Nauli aliipitisha mbele bila neno. Kituo chetu kikifika ananigusa goti ili mimi ndiye niseme kwa dereva. Siku moja nilianza kumweleza jambo kwa Kiswahili, akanifinya mkono, akafinya kweli, mpaka nikabaki na alama. Simu yake ikiita, anaizima bila kuitazama.

Nilidhani anachafukwa na roho akiwa safarini, kama watu wengine. Nikamnunulia tangawizi. Alishukuru, akaila, akaendelea kuwa bubu.

Na kumuuliza ilikuwa kazi bure. Huo ndio upande wake wa pili. Mtu aliyekaa na mgane wa watu ndani ya gari akamhoji habari za mke wake, wewe ukimuuliza alifikaje Durban anakuambia, "Kwa miguu na kwa motokari." Ukimuuliza kama ana ndugu, anasema, "Batu wote ni ndugu." Niliishi ukuta kwa ukuta naye miaka ile yote bila kujua kama aliwahi kuolewa. Wanawake wenzake wa kanisani nao hawakujua. Niliwahi kuwasikia wakikisia.

Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba hatanunua kamwe, kwamba raha yake ni kuuliza tu. Nikamwambia hivyo. Hakukasirika. Akasema, "Itafika ile yangu."

Ilifika Cato Manor. Palikuwa na mwalimu mstaafu, mama wa Kizulu, mtu mzima mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, nyumba yake ikiwa imejengwa mteremkoni hivi kwamba unalitazama gari kutoka juu kabla hujashuka ngazi. Gari dogo la bluu, milango mitano. Lilikuwa linalala ndani, mbali na chumvi. Tukakaribishwa sebuleni, tukapewa chai, na Mama Fundi akauliza swali lake.

Mwalimu akavua miwani. Alisema macho yake yanakwisha. Daktari amemwambia bado anaweza kuendesha mchana kwa uangalifu, lakini mwezi uliopita alipita robot bila kuiona, na mtoto wa shule alikuwa anavuka. Hakumgusa. Alisimamisha gari kando akalia, akarudi nyumbani polepole, na tangu siku hiyo hajashika usukani.

Nilitafsiri. Mama Fundi akatikisa kichwa. Nilimwona anajiandaa kwa swali la pili, la malazi, lakini mwalimu akamtangulia. Aliweka kikombe chini.

"Na wewe," akaniambia nimuulize, "kwa nini unalinunua?"

Hakuna muuzaji aliyewahi kumuuliza hivyo. Nilitafsiri, nikitegemea jibu lake la siku zote, mzaha mmoja tu na mlango umefungwa. Aliangalia mikono yake. Halafu akaanza kusema, bila kunitazama mimi, akimtazama mwalimu, kwa Kiswahili, na ikawa lazima mimi nifuate nyuma yake sentensi kwa sentensi nikiyageuza maneno ambayo nami ndiyo kwanza nayasikia.

Alisema mwaka 2008, wakati ule watu wa nje walipokuwa wanapigwa na kufukuzwa, alikuwa kwenye taksi anapeleka nguo za harusi kwa mteja. Simu ikaita, ilikuwa ya nyumbani. Akapokea. Alikuwa na furaha, kwa hiyo alisema kwa sauti. Mwanamume mmoja kiti cha nyuma akauliza anaongea kitu gani hicho. Hakuelewa kwamba anaulizwa yeye. Mwingine akasema warudi kwao. Halafu wakawa wengi. Dereva akasimamisha taksi chini ya daraja, kwenye barabara kubwa, mahali ambapo hapasimami mtu, wakamwambia ashuke.

"Hawakunipiga," Mama Fundi akasema. "Useme vile. Hakuna mtu alinipiga."

Nikasema vile.

Alishuka. Simu ilibaki mikononi mwa mtu, na nguo za bibi harusi zikabaki ndani. Taksi ikaondoka. Akatembea mpaka mjini kando ya magari. Tangu siku hiyo hajafungua mdomo ndani ya taksi. Ana wateja Pinetown, ana wateja Pietermaritzburg, anakwenda na kurudi kama mzigo.

"Donc nataka motokari juu nikae ndani na niongee," akasema. "Njo sababu."

Sentensi hiyo, kwamba anataka gari ili akae ndani na aongee, niliimaliza vibaya. Mwalimu alielewa. Kisha akauliza ilikuwa taksi ya njia gani. Mama Fundi akamtajia.

"Hiyo ndiyo niliyopanda miaka yote niliyofundisha, gari likiwa kwa fundi," mwalimu akasema. "Labda siku hiyo nilikuwamo ndani."

Niligeuza maneno hayo kwa hofu. Mama Fundi akamtazama sana yule mama, uso mzima, kuanzia paji mpaka kidevu.

"Hapana," akasema. "Sura zao zote minazijua. Weye haukukuwa."

Mwalimu akapitisha kiganja usoni. "Ngiyaxolisa," akasema, na hilo Mama Fundi hakuhitaji nimtafsirie. Pole ni neno la kwanza kulijua ukiwa mgeni. Halafu akainuka akaenda chumbani, akarudi na ufunguo. Alituongoza kushuka ngazi huku ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Akamkalisha Mama Fundi kwenye usukani, yeye akakaa pembeni, mimi nyuma. Akaamuru vioo vipandishwe.

"Mwambie asiwashe," akaniambia. "Mwambie aongee kwanza."

Nikamwambia. Mama Fundi akashika usukani kwa mikono miwili. Akafungua mdomo, akaufunga. Akageuka kunitazama, amechanganyikiwa kabisa.

"Sasa niseme nini?"

Tukacheka, hata mwalimu ambaye hakuelewa neno. Tulicheka mpaka Mama Fundi akaegemeza kichwa kwenye usukani, na mabega yake yakaendelea kutikisika muda baada ya sisi kunyamaza. Mwalimu akamwekea mkono mgongoni. Bei waliongea baadaye juu, mezani, na nakumbuka haikupunguzwa wala haikuongezwa.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo aliendesha akipiga soga. Haikuwa hivyo. Mama Fundi kwenye usukani alikuwa kimya kuliko kwenye taksi. Alikunja uso, alishika usukani kama mtu anayezuia mbuzi, na ukimsemesha anakuambia, "Nyamaza, niko na robot." Nilimwambia Mama, ulitaka gari uongee. Akasubiri tufike, akazima injini, akavuta breki ya mkono, akahakikisha imevutika, halafu ndipo akaanza kusema. Tulikaa kwenye gari lililosimama chini ya jengo letu mara nyingi, vioo juu, akisema na mimi nikisikiliza, wakati chumba chake kilikuwa pale pale ghorofani.

Mwaka 2014 alihama South Beach, akapata chumba chenye dirisha kubwa Berea, na tukawa tunaonana kwa nadra. Mwaka 2015 watu wa nje walifukuzwa tena. Bosi wangu alifunga duka, nasi tulilala ndani na kusikiliza redio. Nilimpigia Mama Fundi, simu haikupatikana. Mambo yalipotulia nilipanda Berea kumtafuta. Nikaambiwa ameondoka na gari lake, amefunga chumba, kodi amelipa. Hakuna aliyejua amekwenda wapi. Nilirudi nikiwa nimejawa na mawazo mabaya. Na mimi nilikuwa nimeshaamua kurudi Tanga.

Wiki yangu ya mwisho Durban, Jumapili asubuhi, nilikuwa natembea ufukweni na mkoba wa zawadi za watu wa nyumbani. Upepo ulikuwa mkali. Kutoka kwenye maegesho nikasikia mtu anapiga kelele kwa Kiswahili.

"Embrayage! Embrayage, nasema! Polepole! Haya, frein! Frein!"

Gari la bluu liliruka kama chura, likazima. Vioo vyote vinne vilikuwa chini. Watu waliokuwa wanapita na mbwa wao waligeuka kutazama, na sauti haikupungua hata kidogo. Mama Fundi alikuwa amekaa kiti cha abiria, mkono wake nje ya dirisha, anausukuma upepo kama anaongoza gari kwa huo. Kwenye usukani alikuwepo msichana wa miaka kama kumi na nane, mrefu, mabega mapana.

"Tanzania!" akaita aliponiona, na akashuka kabla gari halijakaa sawa. Alinikumbatia, akanitazama mshono wa shati, akaniambia kola yangu imechoka. Nikamuuliza alikuwa wapi. Nilimwambia nilimtafuta, nilidhani mabaya.

"Nilienda kwa mpaka," akasema. "Kule juu. Niliendesha mwenyewe, siku mbili."

"Kufanya nini?"

Hakujibu mzaha. Alimwonyesha msichana kwa kidevu. "Kumukamata huyu," akasema, kwa maana ya kwenda kumchukua. "Ni mtoto yangu."

Msichana akashuka, akafuta kiganja kwenye sketi, akanipa mkono. "Bonjour, tonton." Akanitajia jina lake. Sitaliandika hapa, ni lake. Alikuwa na bibi yake Bukavu tangu utotoni, bibi alikuwa amezikwa mwaka uliopita, na alikuwa amevuka nchi zisizopungua nne kwa mabasi kumfuata mama yake.

Nikamgeukia Mama Fundi. Miaka yote ile, ukuta kwa ukuta. "Mbona hukuwahi kusema?"

"Mi nilisema moyoni, nikimutaja atachelewa kufika," akajibu. "Donc nikanyamaza." Akanitazama kama anayengoja nimcheke. Sikucheka.

Tulikaa kidogo kwenye ukuta mfupi wa maegesho, tukala machungwa. Msichana aliuliza kila kitu: yale majengo ni ya nani, bahari ile inakwisha wapi, kwa nini watu wanakimbia na hakuna anayewafukuza. Mama yake alimjibu yote. Kisha wakarudi kwenye gari, kila mmoja kiti chake, kwa sababu somo lilikuwa halijaisha, na mimi nilikuwa na mabegi ya kufunga.

Kwao kama kwetu, mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Sisi tulimwita kwa kazi yake kwa kuwa hatukuwa na jina jingine la kumpa. Niliinama dirishani kuaga, na nikamwita Mama wa binti yule, kwa jina alilonitajia, kama ninavyomwita mama yeyote kwetu Tanga.

Alikuwa anavuta mkanda wa kiti. Mkono ukasimama njiani.

Msichana akacheka. "Maman, iko anakuita weye."

"Minasikia," akasema, bila kugeuka. "Aseme tena."